Kanyanga Imezima Macho ya Bauma

Kambi ya mine, Walikale

Mama mupenzi,

Nakusalimia na roho yangu yote. Goti inakuuma bado ukishuka kuchota maji? Maharagi imezaa huko Bihambwe? Bwana yangu na watoto wako wazima. Lakini mwenye atakusomea hii barua asome polepole, na wewe ukae chini kwanza.

Iko habari ya Bauma. Ulinitumia ndugu yangu huku ili aachane na pombe ya vijana wa nyumbani. Mama, kumbe huku njo mubaya zaidi. Tangu kazi ya kuchimba mu mine isimame, watu wanaamka na kanyanga, ile pombe kali ya kupika, wanalala na kanyanga, hata mama mwenye mutoto mugongoni. Bauma alikuwa anarudi akiimba. Kisha akaacha kuimba, akawa anaanguka tu kwenye mulango. Nilimusihi, bwana yangu alimukaripia, bure. Siku hajakunywa, unamuona tena ule Bauma wako: anapasua kuni, anabeba mutoto wangu mabegani, wanacheka.

Kwa Paska, mupika kanyanga mumoja aliona haitatosha watu, akachanganya na alkoli ya kuwashia lampi, Bauma na rafiki zake wakakunywa. Kesho yake jua ilikuwa imepanda, mimi niko inje napepeta muchele. Bauma akaniita:

"Dada, bado hakujakucha? Fungua dirisha."

Dirisha ilikuwa wazi, Mama. Jua ilikuwa inamupiga mu uso. Nikapitisha mukono mbele ya macho yake, hakupepesa.

"Dada, uko wapi? Fungua."

Tulimubeba na kitanda mpaka kwa munganga. Alimuangalia, akamuvuta bwana yangu pembeni. "Ataishi," akasema. "Macho, hapana."

Rafiki zake wawili tuliwazika. Wamama wakaenda kuvunja vyungu vya ule mupikaji. Juma iliyofuata, moshi ilikuwa inatoka tena kwake, na watu walikuwa wamekaa palepale.

Sitakuficha: hata sasa, mikono ikimutetemeka, ananiomba, "Dada, kidogo tu." Nikimunyima, anageukia ukuta.

Bwana yangu atamuleta na kamyo ya mizigo yenye kupita Masisi. Usimuache akae peke yake, na usimutume mutu amuletee kasiksi, hata kama ni pombe ya ndizi tu, ya kumutuliza.

Salimia shangazi mwenye kulima na wewe, na kaka mukubwa na bibi yake. Ule binti wa jirani mwenye alikuwa anamungoja Bauma, umwambie wewe mwenyewe.

Bauma alikatala kwanza kurudi. Alisema, "Mama ataniangalia namna gani?" Leo asubuhi njo alikubali. Akanituma hivi: "Andikia Mama asinililie kimya. Alie na sauti, nijue yuko upande gani."

Mungu akutie nguvu, Mama.

Binti yako mwenye kukupenda,
Mapendo