Swali Nililoona Haya Kukuuliza

Adeer, baba wa mke wangu,

Nimekukosea. Sikukutukana. Nilikuonea haya tu, na haya ile imekuweka kaburini, au ilisaidia. Mungu ndiye anayejua.

Nakuandikia Kiswahili kwa sababu Kisomali chetu sikufundishwa kukiandika. Hiki Kiswahili ulikuwa ukikicheka: "Lugha ya makarani na wauza vitunguu." Haya, cheka.

Unakumbuka siku ile hapa Garissa, mkojo wako kwenye chupa, mwekundu kama chai ya rangi? Daktari mzungu upande huu, wewe upande ule, mimi mkalimani katikati. Akaniambia, "Muulize kama anaumia akikojoa. Muulize damu inakuja mwishoni au mkojo wote. Mzee kama huyu, ikiwa haimuumi, lazima aende Nairobi wamtazame ndani ya kibofu."

Wewe ulitazama ukuta. Mimi nilitazama viatu. Mtu atamwulizaje baba wa mke wake habari za uchi wake? Nikakuuliza, "Adeer, safari ilikuwa nzuri?"

Ukajibu, "Alhamdulillahi, ila ngamia mmoja anachechemea."

Nikamgeukia daktari: "Anasema inamuuma, na damu inakuja mwishoni."

"Basi ni kichocho," akasema, "kama vijana wa mtoni." Ukadungwa sindano ukarudi kwenu Sangailu. Damu haikukoma.

Ulipokwisha kufa, binti yako Halima, mke wangu, aliniambia ulivyomwambia: "Ajabu, mwanzoni haikuniuma hata kidogo." Nilitoka nje. Sijarudi ndani vizuri mpaka leo, Adeer. Nakula naye, nalala naye, lakini niko peke yangu. Yeye anasema siku yako ilifika. Mimi naitikia, "Amin."

Yule ngamia alipona. Nikimwona akitembea sawasawa, najificha.

Sasa mwanao Yusuf naye anakojoa damu. Juzi alinivuta kando akicheka: "Seedi, shemeji yangu, nami nimekuwa kijana wa mtoni!" Nikamuuliza kama inamuuma. Akaacha kucheka, akaanza kunieleza habari za mvua.

Ijumaa, nikitoka msikitini, nitamwambia Halima yote. Akinifukuza, nitalala kwenye lori lolote sokoni, lakini Jumatatu daktari akifika nitakuwa pale na Yusuf.

Pumzika, Adeer. Mungu akupanulie kaburi. Jumatatu asubuhi nitamwuliza mwanao, hata akitazama ukuta: inauma, au haiumi? Nami nitasema jibu lake, si langu.