Bibi Harusi Aliyeibwa na Kupelekwa Kantini ya Tramu

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo cha Polisi, Braila
Jumapili, tarehe 6 Julai 2025, saa tatu asubuhi

Jina: Veturia Hagiu
Umri: Miaka 61
Kazi: Mfamasia, mwenye duka la dawa karibu na soko
Makazi: Ghorofa ya pili, juu ya duka hilo hilo
Uhusiano na wahusika: Nasha, yaani mama msimamizi wa ndoa, kwa upande wa bibi harusi

Mimi niliyetajwa hapo juu nimefika kituoni kwa miguu yangu, sikuitwa na mtu. Nimekuja kwa sababu kijana Sandu Tufeanu, fundi wa tramu, amelala mahabusu akituhumiwa kumteka nyara binamu yake, Smaranda, siku ya harusi yake. Aliyeleta tuhuma hiyo ni bwana harusi, Horia Bentu. Kesi hii ikisimama, Sandu atafungwa, na hata asipofungwa karakana haitamrudisha kazini. Nitasema niliyoyaona. Nikichanganya na maoni yangu utayatambua mwenyewe, afande, huna haja ya kuniuliza.

Mnamo mwezi wa Machi mwaka huu Horia alitutumia wote ukurasa wa harusi kwenye mtandao. Horia ni mtoto wa Braila kama wewe na mimi, lakini amefanya kazi miaka minne kwenye kampuni moja Ubelgiji na sasa anatembea kama mtu aliyezaliwa kwenye lifti. Ukurasa huo aliwaandikia wageni wake wa kutoka huko, na kichwa chake kilikuwa: "Sehemu Tunazozipenda, Smaranda na Mimi". Ndani yake mlikuwa na migahawa wanayokula wao wawili na mahali pa kutembelea.

Nilisoma wote. Sehemu ya kwanza ilikuwa mgahawa wa ghorofani unaoitwa Panorama, nyama yake inatoka Ajentina. Ng'ombe wetu wamekosa nini, sijui. Ya pili ni ya samaki mbichi. Samaki mbichi! Katika mji huu wa kando ya mto Danubi, ambako hata paka anasubiri samaki akaangwe! Smaranda alikula pale mara moja tu, na kesho yake mimi ndiye niliyempa dawa ya kuzuia kutapika. Ya tatu ni duka la kahawa lenye majani ukutani, kahawa wanakupa kwenye kikombe cha mtoto. Kisha ikafuata mashua ya kutalii mtoni, ambayo Smaranda hapandi kwa sababu ya kichefuchefu, na ziwa la chumvi, ambalo Horia aliliita "siri yetu ndogo", wakati nusu ya nchi inaoga tope pale kila mwezi wa Agosti. Kila sentensi ilianza na "tunapenda". Mtu mmoja anapenda, anaandika kwa wingi kama askofu.

Umeniuliza ukurasa huo unahusiana nini na utekaji nyara. Tulia, mwanangu, nakuja. Nilikuwa na subira na wewe ulipokuwa unaletwa dukani kwangu ukilia masikio yanakuuma.

Chini ya Panorama aliandika hivi: "Hapa ndipo nilipomwomba Smaranda awe mke wangu, jua likizama." Huo ni uongo. Nausema kwa kiapo. Alimwomba kwenye kantini ya karakana ya tramu, mvua ikinyesha, mwaka wa 2019, wakati wote wawili ni wanafunzi na mifuko yao imetoboka. Kila Ijumaa walikuwa wakigawana sahani moja ya maharage na kifundo cha nguruwe cha kukaushwa kwa moshi. Sandu ndiye aliyewapeleka pale mara ya kwanza, maana ni mwajiriwa. Nilimpigia simu Smaranda nikamwuliza, "Hii Panorama imetokea wapi?" Akacheka kidogo, akasema, "Nasha, mwache, anataka tu wageni wake waone kitu kizuri." Nilishaona kwamba debe hili ni tupu, lakini bibi harusi ni yeye, si mimi.

Alhamisi tarehe 3 walifunga ndoa bomani. Jumamosi tarehe 5, saa saba mchana, wakafunga kanisani, kisha tukaenda ukumbini. Sasa naieleza desturi yetu kwa ajili ya hakimu, maana mahakimu siku hizi wanaletwa kutoka popote. Katikati ya karamu vijana humwiba bibi harusi. Humficha mahali, humpelekea bwana harusi ujumbe, naye huja na chupa ya kinywaji na maneno ya mapenzi mbele ya watu. Anamkomboa, watu wanapiga makofi, muziki unaendelea. Hata wewe, afande, mkeo aliibwa, na nakumbuka ulimfuata mbio, shati nje. Kwa kawaida huibwa usiku. Horia aliagiza wizi ufanyike saa kumi na moja jioni kwa sababu wageni wake walikuwa na ndege alfajiri. Kwa hiyo andika kwamba utekaji huu mlalamikaji aliupangia saa yeye mwenyewe.

Saa kumi na moja hiyo Sandu alimjia Smaranda mezani, akainama kama mhudumu, akamwambia, "Dada, gari liko tayari. Twende tukale chakula cha watu."

Smaranda alinyanyuka kabla Sandu hajamaliza sentensi. Alivua viatu ili akimbie vizuri. Na mimi niliingia kwenye gari hilo hilo, kwa sababu kazi ya nasha ni kumlinda bibi harusi, na asipoweza kumlinda, basi aende naye. Kama Smaranda alitekwa nyara, andika kwamba na mimi nilitekwa nyara, na watekaji walinilisha sahani mbili.

Mama Chiva, anayeendesha kantini, alikuwa ametufungulia mlango japo Jumamosi hufunga mchana. Sandu aliandika ujumbe mbele yangu, akatusomea: "Shemeji, yuko pale ulipomwomba awe mkeo. Njoo na chupa na maneno." Smaranda alicheka mpaka akajifuta macho. Akaagiza sahani moja na vijiko viwili, akakiweka kijiko cha pili upande wa pili wa meza.

"Kutoka ukumbini ni dakika kumi," akasema. "Tumpe robo saa, atakuwa anatafuta chupa."

Robo saa ikapita. Rafiki mmoja wa Sandu aliyebaki na msafara wa bwana harusi akapiga simu. Horia alikuwa amekwenda Panorama, wageni wote nyuma yake na simu zao juu. Sandu akasema, "Shemeji ameamua kumtafuta mke kwanza kwenye nyama ya Ajentina." Tukacheka. Simu ya pili ikasema wako kwenye samaki mbichi. Tukacheka pia, lakini kidogo. Simu ya tatu ikasema wamepanda mashua.

"Mashua?" akauliza Smaranda. "Mimi na mashua?"

"Labda anadhani umejitupa mtoni," akasema Sandu. Hakuna aliyecheka.

Mama Chiva akaja kuipasha moto ile sahani. Sandu akatoa simu yake. "Dada, nimpigie nimwambie? Kichwa kimemvurugika, siku ya harusi ni kelele tupu."

"Usithubutu," akasema Smaranda. "Anapajua. Aje mwenyewe."

Hapo nilianza kukasirika, na hasira yangu haikuwa kwa ajili ya chakula kilichopoa. Smaranda alikaa akitazama mlango. Kila tramu iliyoingia karakana ilimfanya ajinyooshe na kurekebisha shela. Nimeuza dawa za usingizi miaka mingi na ninamfahamu mwanamke anayejidanganya. Alianza kumtafutia visingizio. Foleni. Daraja. Mama yake Horia amezidiwa. Mimi nilikula ili nisiseme.

Mnamo saa moja na dakika ishirini gari la polisi lilisimama mlangoni. Wakaingia askari wawili, Horia nyuma yao. Nje kulikuwa na teksi mbili za wageni wake, vioo vimefungwa. Naomba hili uliandike kwa herufi zinazosomeka: askari walikuja moja kwa moja. Hawakwenda nyumbani kwa Sandu, hawakuuliza ukumbini, hawakumpigia mtu simu. Fungua daftari lenu la simu uone nani aliwapa anuani.

Horia alisimama kizingitini. Hakuingia, alikuwa anaangalia sakafu kama atakanyaga kitu. Akasema, "Smaranda, uko salama? Amekulazimisha?"

"Nimekula maharage, Horia," akajibu. "Ulikuwa wapi?"

"Nilikutafuta mji mzima."

"Ujumbe ulisema pale uliponiomba."

"Niliusoma."

"Basi ulisahau?"

Afande, namwomba Mungu anisamehe, lakini pale nilimwombea yule bwege. Nilimwombea moyoni: sema umesahau. Sema ulikuwa umelewa. Mtu anayesahau husamehewa, wanaume wetu wanasahau hadi majina ya watoto na bado tunawapakulia. Smaranda alikuwa tayari kumsamehe. Nilimwona ameshasogeza kiti.

Horia akateremsha sauti. Lakini kantini ile ni vigae kutoka chini hadi juu, mtu akinong'ona, hata jikoni wanamsikia. Akasema maneno haya, na walioyasikia ni mimi, Mama Chiva, Sandu na askari wenu wawili: "Nilijua uko hapa tangu ujumbe ulipofika. Ningewaletaje watu wale hapa? Hebu angalia meza. Angalia huyu mama wa jikoni na kilemba chake. Ningewaambia nini?"

"Ungewaambia ndipo uliponiomba."

"Nimeshawaambia ni Panorama!"

"Kwa hiyo ukaniitia polisi?" akauliza Smaranda.

"Wageni walikuwa wanauliza, unataka niwajibu nini?" akasema Horia. "Nimesema binamu yako amelewa amekuchukua. Ni utaratibu tu. Jumatatu ningefuta malalamiko, mambo yaishe."

Sandu, ambaye hakuonja hata tone kwa sababu alikuwa dereva, bado alitaka kuokoa harusi. Moyo wake ni mwepesi kama mkate wa Pasaka. Akachukua chupa ya soda mezani, akampelekea Horia mlangoni, akasema, "Shemeji, shika hii. Mpe, sema neno moja tu, hata ukisema 'pole'. Sisi tutapiga makofi, tumalize."

Horia hakuipokea ile chupa. Aligeuka kuangalia teksi, akaona kioo kimoja kimeshushwa na simu imeelekezwa kwake, akawaambia askari wenu kwa sauti kubwa: "Ndiye huyo. Mchukueni."

Mwacha asili ni mtumwa, tulikuwa tukiwaambia watoto. Huyu ameacha asili na bado anatafuta wa kumtumikia. Amemwuza kijana aliyempa chakula alipokuwa hana nauli, ili watu ambao alfajiri watapanda ndege wasione meza ya mbao. Nimeona watu wabaya wakiingia dukani kwangu, wezi, waliowapiga wake zao. Wale wanajua wamefanya ubaya, hawaniangalii usoni. Horia aliniangalia usoni akaniambia, "Nasha, unanielewa." Nikamwambia simwelewi, na kwamba mimi si nasha wake tena.

Askari walimchukua Sandu akiwa na suti, ua la harusi limebanwa kifuani. Smaranda aliwaambia mara mbili kwamba alikwenda kwa hiari yake. Wakasema hayo ataeleza kituoni. Horia akamfungulia mlango wa teksi, akamwambia, "Njoo, tumechelewa keki."

Hakupanda. Alivaa viatu vyake, akamshukuru Mama Chiva, akaanza kutembea kulifuata gari la polisi. Nikashika mkia wa gauni nikamfuata. Tumetembea barabara nzima ya tramu, watu wanapiga honi wakidhani ni sherehe. Tangu jana jioni yuko kwenye benchi lenu pale nje, na wenzako wa zamu ya usiku walimwambia asubiri mpaka aamke mtu wa kuandika. Wewe umeamka. Andika.

Umeniuliza mwisho kama nina chuki na mlalamikaji. Ninayo. Lakini kumchukia si kumsingizia. Sandu hakumteka mtu. Horia alijua mke wake yuko wapi, yuko na nani, anakula nini, na aliyajua hayo kabla hajapanda mashua. Alipowapigia ninyi simu alikuwa anadanganya, na hilo, kama sijasahau sheria, ni kosa pia.

Sina la kuongeza wala la kupunguza. Nimesema nikiwa na akili zangu, bila kutishwa wala kuahidiwa kitu, na nikiitwa mahakamani nitayarudia haya haya, tena polepole.

Sahihi: V. Hagiu

MAELEZO YA AFISA

Maelezo haya yameandikwa nami, Sajenti Dorin Lupea. Nimemsomea shahidi, amethibitisha ni sahihi. Nilimwomba aondoe maneno "debe" na "bwege", amekataa.

Nimekagua daftari la simu. Mpigaji wa saa moja na dakika tano jioni alijitaja kuwa Horia Bentu, na alitoa jina na mtaa wa kantini bila kuulizwa. Askari wawili waliokwenda wamethibitisha maneno aliyoyasema mlangoni. Mtuhumiwa Sandu Tufeanu ameachiwa huru saa nne na robo asubuhi. Mlalamikaji ameitwa afike kituoni kueleza taarifa aliyoitoa.

Bi. Smaranda ameandikisha maelezo yake baada ya shahidi huyu. Hana lalamiko lolote dhidi ya binamu yake. Alipoulizwa makazi yake, ametaja nyumba ya mama yake.