Kiti cha Hooyo

Jumanne. Jua la Garissa limeamka na hasira za jana.

Niseme ukweli: Kenya hii hakuna anayejua kiti kuliko mimi. Hata punda wa mikokoteni wakipita karakana yangu hupunguza mwendo wanitazame nikichomea. Shule niliiacha kidato cha pili, lakini niletee takataka ya barabarani nikutolee sebule. Gurudumu la mkokoteni, meza. Pipa la lami, kabati. Na sasa hiki kiti: nondo, mtungi wa plastiki wa manjano uliokatwa, na pa kukalia pamesukwa kwa vipande vya tyubu.

Nimekibuni mwenyewe. Ndivyo nilivyomwambia mteja.

Uongo. Hooyo, mama yangu, huuza maziwa ya ngamia sokoni, na mtungi kama huo ndio anaokalia. Aliukata kwa kisu chake, akausukia tyubu ili mgongo usimuume. Mimi nimeongeza nondo na rangi tu.

Mteja ni dada kutoka Nairobi anayefungua nyumba ya wageni hapa mjini. Anataka viti vya veranda nzima. Nikiipata kazi hiyo, naagana na kuchomea milango ya vyoo. Alikikalia, akakipiga picha, akauliza wazo nimelitoa wapi. Nikakunja nne. Nikamwambia fundi wa kweli haulizwi hayo.

Hapo ndipo Hooyo alipoingia kuniletea maziwa, mtungi mgongoni, jilbabu vumbi tupu. Alipokiona kiti akaanza kucheka. Akafungua mdomo aseme.

Nikamwahi. "Mama, ngoja hapo nje kwanza. Niko na mteja."

Kicheko kikamkatika. Akaniangalia, kisha akajibu kwa kile Kiswahili chake cha sokoni: "Sawa, fundi. Maziwa naweka wabi?"

Fundi.

Dada akasema wauza maziwa wa huku ni wapole sana. Nikaitikia kwa kichwa. Akaagiza viti vyake, akaenda. Siku nyingine kelele zangu za furaha zingefika hadi ng'ambo ya mto Tana. Leo nilikaa juu ya hicho kiti mpaka maziwa aliyoyaacha Hooyo yakachacha.

Jioni nyumbani Hooyo amenipakulia chakula kama kawaida. "Karibu, fundi," akasema. Wadogo zangu wakacheka, wakidhani ni mzaha.

Nimejaribu kujiambia kwamba kosa ni kuiba wazo lake. Kwa hilo angeniita mwizi, angenifinya sikio, yangeisha.

Tangu nijue kusema, mimi na Hooyo ni Kisomali tu. Kiswahili ni cha ofisini, cha shule, cha watu wa mbali. Leo nilimsemesha mama yangu kwa Kiswahili, nikamwita Mama kama ninavyomwita kila muuza maziwa, ili yule dada asijue kwamba huyu ni wangu.

Na alielewa papo hapo.