Dada, Ninakunywa Dawa ya Kifafa

Dada yangu Zaina,

Assalamu alaykum. Barua hii sikuifunga. Nimeikunja tu, nikampa mtu wa boti anayekuja Kigoma, na nimemwambia akitaka kuisoma njiani aisome. Najua wewe kusoma kwako ni Msahafu, hizi herufi nyingine hukuwahi kuelewana nazo, kwa hiyo Mwamini ndiye atakayekusomea, na nyumba nzima itakaa kusikiliza. Ndivyo ninavyotaka. Mwamini mwanangu, soma yote. Usiruke mahali, hata mama yako akikohoa.

Habari ya harusi imefika huku kwetu Buyenzi. Nilipoambiwa kwamba Mwamini anaolewa nilipiga kigelegele nikasahau kabisa kwamba mdomo wangu hauruhusiwi mambo hayo. Shavu la kushoto likanikumbusha papo hapo. Nilikaa chini kwenye kizingiti, nimeshika taya, machozi yananitoka, na majirani hawakujua kama nalia au nacheka. Nilikuwa nafanya yote mawili.

Lakini Dada, pamoja na mwaliko ulituma maneno mengine, kwa mdomo wa yule mama aliyetoka huko. Alinivuta pembeni. Akaniambia nisiwe na wasiwasi, umenitengea chumba changu cha nyuma, nitaletewa sahani yangu hukohuko, na watu wa upande wa bwana harusi hawatajua kitu. Alisema kwa upole, naye alifundishwa upole huo na wewe. Mimi nikamwambia jibu nitaliandika mwenyewe. Hili hapa.

Nianze na haki yako, nisije nikaitwa mtovu wa fadhila. Wewe ndiye mtu wa kwanza kuniamini. Ulikuwa mwaka wa zile siku za mji mfu, siku ambazo Bujumbura inafungwa, hakuna duka wala basi, na ukitoka nje unatoka kwa hatari yako. Nilikuwa natia udhu wa adhuhuri, nikapitisha maji usoni, na kitu kikanipiga shavuni kama nimegusa waya wa betri kwa fizi. Sekunde chache, kikaondoka. Kikarudi nilipokula. Kikarudi nilipoongea. Kila mtu mtaani alisema ni jino, nami nikalipeleka jino kung'olewa. Halafu la pili. Halafu la tatu. Fundi wa meno alikuwa ananiona mlangoni anatabasamu.

Lile la tatu ulilichukua wewe, ukaliosha, ukaligeuzageuza juani. Ukasema, "Hili jino ni zima. Shida yako haiko mudomoni." Wengine walikuwa wameshaanza kusema najidekeza, nakwepa cherehani, nataka kubembelezwa. Wewe ulisema shida ipo, ila hatujaipata. Mtu anayeumwa kitu kisichoonekana, Dada, neno hilo analishika kwa mikono miwili. Tangu siku ile ukawa unanichemshia maji ya udhu yapoe nusu, na ulipoona hata hayo siyawezi, ukaenda mwenyewe kwa shehe kuuliza, ukarudi na ruhusa kwamba nijipake vumbi safi, inatosha.

Na ile siku ya kupanda hospitali. Gari hakuna, mji umefungwa, na mimi siku nne sijala kitu zaidi ya uji wa kunyonya kwa mrija. Ulisema tunakwenda kwa miguu. Upepo wa ziwa ulikuwa unapiga kushoto, na upepo ndio adui yangu mkubwa, kwa hiyo ulifungua kitenge chako ukakishika juu kwa mikono miwili ukatembea ubavuni mwangu njia nzima. Kwenye barieri, pale njia ilipofungwa kwa gogo, vijana waliokuwa wanalinda wakatusimamisha. Waliona mwanamke amejifunika uso na hajibu akiulizwa, na siku zile watu walitambuana kabila kwa sauti na jina, kwa hiyo asiyetaka kusikika sauti yake alikuwa na sababu yake. Mmoja akaniamuru nifunue, niseme jina langu na la baba yangu. Nilifungua mdomo, umeme ukanipiga, nikainama bila neno.

Ulisimama mbele yangu. Hukupiga kelele. Ulisema, "Huyu ni mudogo yangu, iko mugonjwa. Akisema anaumia. Kama munataka sauti, munayo yangu. Kama munataka kupiga, mupige mimi." Halafu wakasogeza lile gogo.

Kwa hiyo mtu asije akaniambia dada yako hakupendi. Najua unavyonipenda. Ndiyo maana hili linaniuma.

Daktari yule mama alitupokea vizuri. Aligusa shavu langu kwa kipande cha pamba tu, nikaruka, naye akasema hapo hapo kwamba si jino, ni mshipa wa fahamu wa uso, Wafaransa wanauita nevralji, na kwamba sikuwa namdanganya mtu. Nililia mbele yake. Kisha akasema kuna vidonge, vilitengenezwa kwa ajili ya kifafa, lakini vinautuliza na mshipa kama wangu, na kwa kipindi hiki vinapatikana kwenye kituo cha wagonjwa wa akili, upande wa kaskazini. Alieleza vizuri, kwa Kiswahili, mara mbili. Mimi nilisikia dawa. Wewe ulisikia kifafa.

Njiani kurudi, karibu na soko, ukasema, "Mutu hawezi kunywa dawa ya ugonjwa hana." Nikakueleza. Ukaitikia kwa kichwa, na kitenge ukaendelea kukishika juu, lakini umesogea hatua moja mbali nami.

Halafu ikaja Idi. Ua wako ulikuwa umejaa, masinia yamepangwa kwenye mikeka, wanawake sita sita, watoto kwao. Nilikuwa na wiki tatu kwenye vidonge na kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze niliweza kutafuna. Nilikuja na njaa ya miezi. Nikanawa mikono, nikaenda kukaa mahali pangu, kati yako na Mwamini, ukanishika bega ukanipeleka kwenye kigoda karibu na jiko. Palikuwa na sahani ya bati na kikombe kimefungwa uzi mwekundu ili kisichanganyike. Ukasema, "Mudogo yangu, we kula hapa. Watoto ni wengi pale, si unajua."

Nilikula, Dada. Hilo ndilo ninaloona haya nalo mpaka leo, kwamba nilikula nikamaliza, nikaosha sahani yangu mwenyewe, nikasema ahsante. Sisi wa nyumba moja, tuliolala kitanda kimoja mpaka ukaolewa. Mwezi mmoja baadaye mabomu yakaanza kuanguka karibu, shemeji akafunga duka la spea, mkavuka kwenda Kigoma, na uzi ule hatukuuzungumza.

Sasa nikuambie usiyoyajua. Miaka ya kwanza nilipigana vita ya kijinga. Kila aliyeniona natoka kituoni nilimkamata njiani nikamweleza kwamba mimi sina kifafa, ni mshipa tu, nina karatasi ya daktari. Karatasi ile niliionyesha msikitini, kisimani, kwa wateja wanaoleta viti vya magari nishone. Ikachakaa mpaka ikakatika. Nilitaka kurudishwa kwenye sinia kwa kuapa kwamba mimi si kama wale.

Na wale ndio nilikuwa nasimama nao foleni. Mbele yangu mara nyingi alikuwa mwanamke wa Musaga anayeitwa Veneranda. Alikuwa mwalimu, akaanguka kifafa mbele ya darasa, wazazi wa wanafunzi wakamkataa, sasa anauza ndagala, dagaa wa ziwani. Yeye ndiye aliyenifundisha kumeza dawa saa ileile kila siku, kutoiacha ghafla hata nikijisikia nimepona, kukaa chini kizunguzungu kikija. Alileta maharagwe kwenye kibakuli, akanisogezea. Siku ya kwanza nilisema nimeshiba. Alicheka. "We unaogopa nini? Sisi tunaanguka chini, hatuangukii mutu." Nikaingiza mkono kibakulini, uso unaniwaka moto. Kwa maana nilikuwa nimemtengea sahani ya bati, kichwani mwangu, tangu siku ya kwanza.

Ikaja ambargo, nchi jirani zikatufungia mipaka ya biashara, dawa zikaadimika. Tulikuta dirisha la kituo limefungwa wiki nzima. Yangu iliisha nami nikarudi kwenye uji na mrija, nimekaa chumbani na pazia limeshuka, nawaza mambo ambayo Muislamu hatakiwi kuyawaza. Veneranda akatembea kutoka Musaga mpaka Buyenzi, akakunjua leso, ndani kuna vidonge vilivyokatwa kwa kisu. Akasema kwake bado vipo vingi. Nilivipokea. Nilitaka kuamini, nikaamini.

Hakuwa na vingi. Siku ya sita nilikwenda kumshukuru, nikamkuta anapanga ndagala zake juani, na tukiwa tunaongea akaanguka miguuni pangu. Majirani wakarudi nyuma wote. Mmoja akapiga kelele nisiguse mate, nitaambukizwa. Nilimgeuza ubavu kama alivyonifundisha, nikaweka kitenge changu chini ya kichwa chake, nikamfuta mdomo kwa pindo. Nilimfuta kwa mikono hii, Dada, ninayokuandikia. Alipofumbua macho nikamuuliza kwa nini alinidanganya. Akasema mimi nilikuwa naumwa kila saa, yeye huanguka mara moja moja.

Tangu siku ile sijamwambia mtu yeyote kwamba mimi sina kifafa. Wakiniuliza kama ninakunywa dawa ya kifafa nasema ndiyo, na saa yake ni hii, nileteeni maji. Ukweli ni kwamba ugonjwa wangu ni mwingine, na ukweli mwingine ni kwamba hata ungekuwa huohuo, hauambukizwi kwa wali. Ule wa kwanza sitautumia tena kujinusuru. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mimi kitanda hiki nimekilalia mpaka nimewapa kunguni majina.

Sijapona. Upepo ukivuma bado nafunga dirisha, na kuna siku kushona haiwezekani, nakaa nimeshika taya mpaka ipite. Lakini sijifichi. Sasa tuko kumi na mmoja wa foleni ile tunaokutana uani kwangu kila Jumamosi, Waislamu na Wakristo, wa Buyenzi na wa Musaga na mmoja wa Gasenyi anayekuja barabara ikiwa wazi. Anayepata dawa anawaulizia na wenzake. Tunapika sufuria moja, na mtaa mzima unapita unaona.

Basi sikia jibu langu. Chumba cha nyuma sikitaki. Sahani ya peke yangu siitaki, wala chochote kitakachowekwa juu yake. Nakuja Kigoma, Inshallah boti ikiondoka salama, na nakuja na Veneranda. Amekwisha shona gauni. Tutakaa mkekani na wanawake wengine, na mtu wa upande wa bwana harusi akiuliza, nitamjibu mimi mwenyewe kwa sauti, hata ikinigharimu umeme. Anayeona hawezi kula nasi, njaa ni yake.

Wewe siku ile kwenye barieri hukuuliza kwanza kama ninaambukiza. Namsubiri mtu yule, Dada. Naamini yupo.

Ila nakuomba usinitumie neno kwamba nije peke yangu. Siku utakayoniona nimeshuka botini peke yangu, siku hiyo niwekee sahani ya bati, maana nitakuwa nimeumwa ugonjwa wa kuogopwa kweli.

Mdogo wako wa tumbo moja,
Hadija