Sauti Iliyo Kwenye Wimbo wa Tano

Chumba Namba Tisa,
Ghorofa ya Tatu,
Jumamosi mchana.

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwangu, mdogo wako. Hujambo? Shemeji hajambo? Na wanao, ambao nawajua kwa picha tu alizonionyesha shangazi, hawajambo? Mimi mwili hauna neno. Nakula, nalala, nakwenda kazini, na lile goti uliloniuguza linauma siku za baridi tu. Najua miaka minne ni mingi kwa mtu kuja kubisha hodi kwa karatasi, lakini namba yako ya simu sina, na hata ningekuwa nayo nisingethubutu. Shangazi anasafiri kesho kuja huko na ameniahidi kukupa bahasha hii mkononi. Tafadhali isome yote kabla ya Alhamisi. Ndani yake kuna jambo linalokuhusu, na Alhamisi jioni litasemwa redioni.

Nianze na habari za kazi. Bado niko kwenye kiwanda cha udobi, tunafua mashuka ya hospitali mbili. Siku hizi sipakui tena malori, nasimamia mashine tatu za kukamua. Ile ya tatu ina mguu mbovu. Ikianza kuzunguka hudunda mara mbili, hunyamaza kama inafikiri, halafu hudunda ya tatu kwa kuchelewa. Mafundi wameiinulia mikono. Mimi niliisikiliza mwaka mzima, kisha siku moja nikaweka simu juu ya kifuniko chake nikairekodi. Hapo ndipo albamu yangu ilipoanzia.

Ndiyo, dada, nimetoa albamu. Nyimbo tisa, zote nimezitengeneza humu chumbani, blanketi nimelitundika dirishani ili kelele za barabara zisiingie. Ni aina ile tuliyokuwa tukiisikiliza sisi wawili kwenye redio ya marehemu baba, trip-hop: ngoma nzito za mwendo wa polepole, besi inayotambaa, na juu yake jazi, yaani kinanda na ile tarumbeta ya baba, ambayo niliiziba mdomo kwa soksi. Jina la msanii nimeweka lile uliloniita wewe, Kobe. Niliiweka kwenye mtandao, mahali ambapo yeyote anaweza kusikiliza, akatoa nyota moja hadi tano na kuandika maoni yake chini.

Nikakaa kusubiri. Wiki ya kwanza yalikuja maoni mawili, na moja lilikuwa la mtu aliyetaka kuniuzia viatu. Hata hilo nililisoma zaidi ya mara moja.

Baadaye wasikilizaji waliongezeka, na maneno yakawa ya kila rangi. Mmoja aliandika kwamba albamu imemfaa sana, humlaza mtoto wake kabla wimbo wa pili haujaisha. Mpaka leo sijui kama alinisifu au alinitukana. Mwingine alisema tarumbeta ni kama mtu mwenye mafua anayeomba radhi. Fundi saa mmoja alilalamika kwamba ngoma inachelewa na inamkera, akatoa nyota mbili, kisha baada ya siku tatu akarudi kuongeza ya tatu, kwa sababu alijikuta anaidunda kwa vidole mezani kwake. Wapenzi wa jazi walisema jazi nimeiharibu. Wapenzi wa hip-hop walisema niongeze mwendo, wao hawana siku nzima. Shangazi naye nilimwekea. Alisikiliza wimbo wa kwanza wote, kichwa amekiinamisha upande, halafu akaniuliza wanaanza lini. Nilicheka mpaka nikashika mbavu, na nilipotulia nikagundua kwamba sijawahi kucheka humu chumbani tangu nihamie.

Kazini kuna mama mmoja wa pasi ambaye meza yake inatazamana na mashine zangu. Yeye nilimpa asikilize wakati wa mapumziko. Alisema huo ni muziki wa mtu anayetafuta funguo mifukoni na nyumbani hakuna mtu wa kumfungulia. Akanirudishia simu akaendelea kunyoosha foronya zake. Na kweli, ndivyo ninavyoishi. Nafungua mlango, nawasha taa, sufuria iko pale pale nilipoiacha. Majirani wa upande wa pili hugombana juu ya nani aliyemaliza sabuni, na mimi huwaonea wivu, dada. Mimi nikikuta sabuni imeisha najua ni nani.

Lakini ubishi mkubwa ulikuwa juu ya wimbo wa tano. Humo kuna mwanamke anayeimba bila maneno huku vikombe vikigongana kwenye beseni. Anaimba, anaacha, anarudia pale alipokosea, na mwishoni anacheka na kumwambia mtu azime, leo hana sauti. Wako waliosema huo ni uzembe, aliyerekodi kasahau kukata mwisho. Wengine walisema zile nane nizitupe nibaki na huo mmoja. Mwanamke mmoja aliandika kwamba huupiga akiosha vyombo, ili ajione wako wawili jikoni. Wenye kusifu na wenye kuponda wote wakawa na swali moja: huyo mwimbaji ni nani, na yuko wapi?

Umeshajua. Ni wewe. Ni ile jioni uliyokuwa unaosha vyombo, mimi nimejibanza nyuma ya mlango na simu mkononi. Uliniambia nizime, nikakuambia nimezima. Sikuzima.

Kwa hilo peke yake ningekuomba radhi kwa mstari mmoja. Lililobaki ndilo lililoniweka hapa mezani tangu asubuhi, na karatasi nne nimeshazichana. Basi najikaza kisabuni, nakwambia. Walipozidi kuuliza uko wapi, niliandika kwamba umefariki.

Sikupanga. Nilikuwa nimechoka, nikaandika neno moja, nikabonyeza, nikidhani litawanyamazisha. Siku ile ile maoni yakageuka. Fundi saa alitoa nyota zote tano. Yule aliyesema nimesahau kukata mwisho aliomba msamaha, eti sasa ameelewa kwa nini sikukata. Watu nisiowajua kwa sura wala kwa jina waliniuliza kama nimekula. Kazini habari ikafika, na mama wa pasi akaiacha meza yake, akaja kukaa nami kwenye benchi mapumziko yote, akataka nimweleze ulikuwa mtu wa namna gani. Nikamweleza ulivyokuwa ukinichana nywele kana kwamba zimekukosea, ulivyolamba sukari ukanisingizia mimi, ulivyopenda kuimba ukidhani hakuna anayekusikia. Nililia, na machozi yale hayakuwa ya uongo. Kisha akaniuliza ulifariki lini. Tarehe ikanitoka yenyewe, bila kufikiri. Ilikuwa ile uliyoondoka kumfuata shemeji, mimi nikakataa kukusaidia kushusha sanduku ngazini, nikakwambia ukitoka mlango huo, kwangu mimi umekufa.

Niliposikia nimeitaja, niliinuka nikaenda kusimama kwenye mashine ya tatu mpaka zamu ikaisha.

Rambirambi zako nimezipokea wiki tatu, dada. Nilizipenda, na hilo ndilo linalonitia aibu kuliko yote. Kila nikirudi nilikuwa nakuta watu wameniandikia. Kisha akaniandikia mtangazaji wa kipindi cha muziki cha saa moja jioni, akasema ametenga saa nzima Alhamisi kumkumbuka marehemu. Redio hiyo inasikika mpaka huko kwenu. Nikamwaza shemeji yuko kwa kinyozi, kichwa kimenyolewa nusu, anasikia mkewe analiliwa. Nikawaza wanao wakija kukuuliza siku moja kwa nini mjomba alisema hivyo.

Jana nilimwambia mama wa pasi ukweli. Alimaliza kukunja shuka alilokuwa nalo, akaliweka juu ya mengine, akasema yeye si wa kuombwa radhi, niende nikamwandikie mwenyewe. Tangu hapo hajanitazama. Mtangazaji naye nilimpigia. Akasema tangazo limeshatoka wiki nzima na kipindi kitakuwepo, ila nitakaa mimi mbele ya kipaza sauti na kuwaambia wasikilizaji kwamba niliwadanganya. Nimekubali. Jina lako sitalitaja. Baada ya hapo waandike wanavyotaka, hata nyota zikirudi moja.

Kipindi ni mzigo wangu, lakini wimbo wa tano ni wako. Mtangazaji ameuliza aupige au auache, nikamjibu kwamba mwenye sauti bado hajasema. Namba yangu nimeiandika nyuma ya bahasha. Kama hutaki kuongea nami, mwambie shangazi, yeye ataniambia.

Nisalimie shemeji sana. Ile siku alirudi ngazini kulichukua sanduku mwenyewe, akanipita akanisalimia, na mimi sikuitikia. Mwambie leo ndiyo naitikia. Wanao wasalimie kila mmoja kwa jina lake, kwa sababu mimi majina yao nayajua, nilimwomba shangazi anitajie mara mbili.

Nijibu kabla ya Alhamisi, dada, hata kwa neno moja. Hata kama ni lile lile ulilosema mikono yako ikiwa na povu. Ukisema zima, safari hii nitazima.

Ni mimi mdogo wako,
Kobe.