Andika Hana

Malaba, Kenya
9 Juni 1968

Kwako Mama mpendwa,

Pokea salamu nyingi za mwanao Apeduno. U hali gani? Mguu wako unaendeleaje, na je, wimbi mmeshavuna au ndege wamewatangulia? Mimi ni mzima, na mwanangu Roselyn ni mzima. Ameingia darasa la tatu na ameng'oka jino la mbele. Namsalimu kwa heshima Mzee Ongodia, ambaye najua ndiye anayekusomea barua hii na kukufasiria kwa Kiteso. Mzee, leo nakuomba jambo moja: soma yote kama yalivyo, usimpunguzie Mama hata neno. Barua za nyuma niliandikiwa na watu. Hii nimeiandika kwa mkono wangu, maana nimemaliza mwaka mzima katika masomo ya ngumbaru.

Mama, uliwahi kuuliza ninafanya nini huku, nikajibu biashara kidogo. Kazi yangu ni udobi. Nafua na kupiga pasi nguo za watu wa reli, za makarani, na za madereva wa malori wanaolala katika vyumba vya kupanga. Mwanzoni walinicheka, wakasema udobi ni kazi ya wanaume, tena mwanamke anayebisha mlango wa dereva asubuhi, kikapu chake kina nini? Nikabisha hivyo hivyo. Pasi ya makaa imeniunguza mkono wa kushoto mara tatu, lakini hakuna kola hapa Malaba inayosimama kama niliyoipiga mimi.

Kazi hainishindi. Kinachoniumiza ni neno mgeni. Watu wa hapa wanasema Kiteso kama chetu, wanasalimiana "yoga" kama sisi, ni mto tu unaotutenga. Lakini siku hizi wanataka karatasi, na mwanamke wa ng'ambo asiye na karatasi huitwa malaya kabla hajaitwa jina lake.

Mwezi wa pili, siku ya soko, bwana mkubwa mmoja, sitamtaja jina, alituma askari wakusanye wanawake wote wa Uganda wanaokaa peke yao. Tulikuwa tisa. Tulisimamishwa juani, watu wa soko wakitutazama kama ng'ombe wa mnada. Akatangaza kwamba mwenye mume, mumewe aje amchukue. Asiye naye atavushwa daraja siku hiyo hiyo. Utauliza mkweo Opolot alikuwa wapi. Ngoja, Mama, nafika huko.

Dereva mmoja ninayemfulia, Ekisa, alinisogelea akaninong'oneza niseme mimi ni mkewe, halafu kesho kila mtu ashike njia yake. Hakutaka kitu, Mama, alinihurumia tu. Nilimshukuru, nikakataa. Niliona kwamba nikitoka pale nyuma ya mgongo wa mwanamume, nitajificha nyuma ya mgongo huo kila askari atakapobisha.

Zamu yangu ikafika. Bwana mkubwa akaniuliza, "Wewe mama, mume wako ni nani? Na hapa unafanya kazi gani?"

Nikamjibu, "Mzee, hayo ya mume tuyaache. Kazi yangu si hiyo umevaa?"

Maana kaki aliyovaa nilikuwa nimeipiga pasi Jumamosi. Soko zima likacheka. Yeye hakucheka. Akaamuru tupelekwe darajani mara moja. Hapo nikaketi chini. Ukweli ni kwamba miguu ilikuwa inatetemeka, nisingeweza kupiga hata hatua. Lakini wenzangu waliona ni ushujaa, nao wakaketi.

Ndipo Wilkista, mama wa Kisamia anayetoka Funyula kuja kuuza samaki, akatua kikapu chake akaketi kando yangu. Akasema kwa sauti, "Mimi ni wa hapa hapa Kenya, na mume wangu yuko nyumbani. Kama unavusha huyu, vusha na mimi." Akina mama wa soko wakamfuata, mmoja mmoja, mpaka askari wakabaki kutazamana. Jioni tuliachiliwa, tukapewa mwezi mmoja wa kutafuta karatasi. Wawili kati yetu walivuka wenyewe kesho yake, kwa kuchoka tu. Siwalaumu.

Mimi niliifuata karatasi hiyo Busia mara nne, mara mbili kwa miguu kutoka Mundika, kwa sababu gari lilituharibikia pale. Mwishowe karani akajaza: jina, Apeduno; kazi, dobi. Akauliza jina la mume, kalamu ikangoja. Nikamwambia, "Andika hana."

Sasa, Mama, hili ndilo nililokuficha. Opolot aliondoka miaka miwili na nusu iliyopita. Alimfuata mwanamke mwingine upande wa Eldoret, akaniachia Roselyn na godoro. Zile salamu zake, kwamba anaulizia mguu wako, kwamba Krismasi atakuja, nilizitunga mimi. Ile nguo ya gomesi uliyoambiwa ametuma yeye, niliituma mimi. Niliogopa utalia. Zaidi niliogopa wazee wataketi, watume mtu anirudishe, nipewe ndugu yake kama jembe lililobaki shambani. Lakini baada ya kukataa kumdanganya mtu mwenye askari, nilirudi chumbani nikaona haya kwamba ninayemdanganya ni mama yangu. Nisamehe kwa uongo huo. Kwa kubaki huku, siombi msamaha. Mzee Ongodia, hapo rudia mara mbili.

Wasalimie wote wa boma letu, wakubwa kwa wadogo. Waambie wazee wasitume mtu. Bali wewe, Mama, wimbi likishaingia ghalani, panda treni uje umwone mjukuu wako. Ukivuka daraja, shuka. Usiulize mke wa Opolot. Huyo hajulikani hapa. Uliza Apeduno, na mtu yeyote atakuleta mpaka mlangoni.

Mimi binti yako nikupendaye,
Apeduno