Mikebe ya Maua Kaburini Kwako

Mikayi, mke mwenzangu,

Najua utacheka. Mimi niliyekuwa nakukwepa kisimani, leo ndiye ninayekuandikia. Lakini kuna habari ya boma letu, na hapa Uriri hakuna mwingine wa kuielewa nisipoanzia mbali.

Kwanza, nimekukosa. Nilidhani mikayi, mke wa kwanza, akiondoka, wa pili hupumua. Wapi. Hadi leo nikimenya njugu karanga barazani nasogeza ungo upande wako, ule mkono wako wa "naonja tu" uufikie.

Sasa habari. Tangu tukuzike, Atieno wako alikuwa anakuja kila Ijumaa kabla Sabato haijaingia, anapanga maua juu ya kaburi, kwenye mikebe ya mafuta ya kupikia yenye maji safi. Maji yakipungua anaongeza. Nilikuwa nayatazama maua hayo kutoka mlangoni kwangu nikinywa chai, na yalinifurahisha.

Masika ilipoingia, homa ikanishika. Vidole vilikataa mwiko, na magoti yaliuma hadi nikatambaa kwenda chooni. Nilisema ni malaria, kama wewe ungesema. Dispensari wakapima, malaria hakuna. Damu ikapelekwa mbali, jibu likarudi kwamba ni chikungunya. Ni virusi, na dawa ya kuviua hakuna. Unapumzika, unakunywa maji mengi, unameza kidonge cha maumivu mpaka mwili upate nguvu. Na mbu wake, mwenzangu, hangoji giza. Anauma mchana, na anataga kwenye maji yaliyotulia karibu na watu, hata kama ni safi.

Nawe unajua sisi huzika nyumbani. Mhudumu wa afya wa kijiji alipokuja kukagua mitungi na matairi, alifika hadi kaburini kwako, akainamisha mkebe mmoja. Viluwiluwi vya mbu tele.

Maji niliyamwaga saa hiyo hiyo. Lakini hofu iliyonishika ilizidi ile ya homa. Mimi nyachira, mke wa pili, nikitoa maua ya binti yako, si atasema nilingoja ufe nikufute bomani? Na kweli, Ijumaa alipoikuta mikebe mitupu nami nikamweleza habari ya mbu, alisema. "Mama mdogo, hata kaburi linakusumbua?" Akamfunga mjukuu wako mgongoni, akaenda, na Ijumaa zikapita bila yeye. Nililia, sikufichi. Atieno nilimwogesha mimi ulipokuwa sokoni. Kumpoteza kwa sababu ya mikebe ya mafuta kuliniuma kuliko magoti.

Nikachukua vile vijiti vya maua nikavipanda kwenye udongo, pembeni mwa simiti yako. Kufikia aliporudi, uso umekunjwa, tayari kwa vita, vilikuwa vimeshika na kutoa maua. Aliinama akayagusa. Kisha akageuka kunitafutia kosa, unamjua, ni wako. Akaliona beseni langu chini ya paa, limejaa maji ya mvua niliyoyasahau.

"Na hii, mama mdogo? Hii pia ni ya marehemu?"

Viluwiluwi vilikuwa humo. Niliaibika, halafu yeye akacheka, nami nikacheka mpaka goti likaniuma. Tukazunguka boma lote pamoja, tukiinamisha kila kinachoshika maji, na pipa la maji ya kunywa tukalifunika kwa kitambaa na kukikaza kwa kamba.

Leo asubuhi akienda sokoni amemwacha mtoto kwangu, kwa mara ya kwanza tangu ugomvi ule. Amelala kitandani mwangu mchana huu, chini ya neti. Majirani wamenicheka, neti na jua liko juu. Wacheke tu.

Lala vizuri, mikayi. Maji hayatatuama tena kwako wala kwangu, na maadamu niko hai, Atieno hataingia boma hili kama mgeni. Niishie hapa. Mjukuu wetu ameamka.

Nyachira wako